Namuuguza mama mkwe, lakini moyoni sina kitu. Huu nao ni upendo?

Bwana Yesu asifiwe, mama. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Uyole hapa Mbeya. Nauza viazi na maharage sokoni. Mume wangu ni dereva wa lori, kazi yake ni Dar es Salaam na Tunduma, na mara nyingine anavuka hadi Zambia, kwa hiyo siku za kuwa nyumbani ni chache. Kwetu ni Iringa, na nimeokoka tangu nikiwa msichana. Naomba usinitaje jina maana wenzangu wa kanisani wanaisoma safu hii.

Mwaka jana mama mkwe wangu alipata kiharusi. Upande wote wa kulia umelala na maneno hayamtoki, limebaki moja tu, "hapana", na analitumia kwa kila kitu, hata akiwa anataka maji. Kijijini kwake Busokelo hakuna wa kukaa naye. Wifi yangu mmoja yuko Dar, mwingine ana duka Tukuyu mjini. Mume wangu akaamua aje kwetu. Mimi sikuulizwa, nilirudi kutoka sokoni nikakuta kitanda kimeshatandikwa kwenye chumba cha watoto.

Kila asubuhi namwogesha. Huku kwetu Juni na Julai baridi inauma, kwa hiyo nachemsha maji kwenye jiko la mkaa na namfunua kidogo kidogo: naosha mkono, naukausha, naufunika kwa khanga, ndipo nahamia mguu. Wauguzi walinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na kumkalisha wima nikimlisha uji asipaliwe. Yote nafanya. Hana kidonda hata kimoja mwilini, na hilo nalisema mbele za Mungu.

Shida yangu ni kwamba nafanya haya yote na moyoni hakuna kitu. Siku nyingine kuna kitu, lakini ni hasira.

Huyu mama hakunitaka. Alitaka mwanawe aoe Mnyakyusa mwenzake, na mimi ni Mhehe. Hilo nililizoea. Lakini tulikaa miaka minne bila mtoto, na mimba ilipokuja ikafika miezi saba, nikajifungua mtoto akiwa amekufa. Siku ya kuzika, akina mama wamekaa kwenye mikeka, alisema kwa sauti kila mtu akasikia: "Hata tumbo lenyewe limekataa." Baadaye nikasikia anamshawishi mume wangu atafute mwanamke mwingine. Mungu amenipa hawa wawili na namshukuru, ila lile neno halijawahi kutoka. Nikiwa namwogesha, kitambaa kikifika tumboni kwake, ndipo linakuja.

Akina mama wa kanisa wanakuja kumwona kila Alhamisi baada ya maombi. Wanaimba, wanaomba, wananisifu, "Wewe ndiye Ruthu wetu." Sasa kiongozi wetu ameniomba nitoe ushuhuda Jumapili ya akina mama, kichwa chake ni upendo wa kweli. Na juzi mchungaji alihubiri 1 Wakorintho 13, akaukazia mstari wa tatu: "Tena nikitoa mali zangu zote kuwalisha maskini, tena nikiutoa mwili wangu niungue moto, kama sina upendo, hainifaidii kitu." Nilihisi nimesomewa hukumu yangu mbele ya watu. Kumbe maji yote niliyochemsha ni bure.

Kuna jambo jingine. Siku hizi amekuwa akinishika kidole kwa mkono wa kushoto na machozi yanamtoka. Sijui ananiomba msamaha au ni ugonjwa tu. Nautoa mkono wangu polepole, naendelea na kazi. Na kuna asubuhi anagonga ukuta kuniita, mimi nimesimama jikoni, miguu imekuwa mizito kama si yangu. Huwa naenda. Lakini naogopa ipo siku sitaenda.

Je mama, mimi ni mnafiki? Na ule ushuhuda nifanyeje?

Mkwe wa Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu. Amina, asifiwe sana.

Nianze na mtoto wako. Pole. Katika barua yako nzima sikuona mahali mtu aliyekwambia pole kwa yule mtoto wa miezi saba. Niliona tu neno ulilotupiwa siku ya kumzika. Mwanamke aliyejifungua mtoto asiyelia anahitaji kushikwa, na wewe siku ile uliaibishwa. Miaka imepita, watoto wengine wamekuja, lakini kaburi lile ni la mwanao na msiba ule ulikuwa wako. Kwa hiyo ukiniambia kwamba kitambaa kikifika tumboni kwa mama huyu unalisikia tena lile neno, sishangai hata kidogo, na sioni kwamba ni pepo wala ni upungufu wa wokovu.

Nikikuelewa vizuri, unamtunza mtu aliyekuumiza, unamtunza vyema, na kwa kuwa moyo wako hauchangamki umeogopa kwamba mbele za Mungu kazi hiyo si kitu. Juu ya hofu hiyo watu wamekuwekea sifa ambazo unaziona si zako. Hapo ndipo nataka tukae.

Ule mstari wa tatu tuusome pamoja na majirani zake. Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho waliokuwa wakishindana nani ana karama kubwa, nani ananena kwa lugha, nani anaonekana. Ndio hao aliowaambia kwamba mtu anaweza hata kugawa mali yake yote na isimfae kitu. Kisha anaendelea kueleza huo upendo ukoje: huvumilia, hufadhili, hauhusudu, haujivuni, hautafuti mambo yake, haufurahii udhalimu bali hufurahi pamoja na kweli. Rudia kusoma taratibu ukiwa peke yako. Karibu yote ni mambo ambayo mtu anayafanya au anajizuia kuyafanya, na sijaona pale palipoandikwa kwamba lazima moyo usikie raha. Bwana mwenyewe katika Luka 6 anasema, "Wapendeni adui zenu, watendeeni mema wale ambao wawachukia ninyi," halafu anaongeza kuwabariki na kuwaombea. Ni mambo ambayo hata mtu mwenye jeraha anaweza kuyaanza, kwa sababu hakuna aliyeambiwa asubiri kwanza jeraha lipone. Na usiku ule Gethsemane, upendo mkubwa kuliko wote ulikuwa unaomba kikombe kiondolewe. Yesu hakuelekea msalabani akiwa anajisikia vizuri.

Kwa hiyo mwanangu, yale maji ya moto siwezi kuyaita bure. Mtu asiyempenda mwenzake kwa namna yoyote hajisumbui kumfunika mkono kwa khanga kabla ya kuosha mguu. Angemwagia maji akamaliza.

Lakini sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hasira unayoitaja nayo ni kitu halisi, na mlango uleule wa 13 unasema upendo hauhesabu mabaya. Najua hapo ndipo utanishika. Nikuulize: kukumbuka na kuhesabu ni jambo moja? Muuza duka anaweza kuikumbuka siku aliyoibiwa maisha yake yote, na asiwe na daftari la madeni chini ya meza akisubiri siku ya kulipwa. Wewe unaijua nafsi yako. Unapomlisha uji, kuna mahali moyoni unapoandika kwamba siku moja atajua, siku moja watalipa? Au lile neno linakujia tu bila kuitwa, kama linavyomjia kila aliyefiwa? Jibu lako linaweza kubadilika asubuhi na jioni. Sikuulizi ili nikuhukumu. Nakuuliza kwa sababu kinachokuponya katika hali moja si kile kinachokuponya katika nyingine.

Sasa hili la kukuita Ruthu. Akina mama wale wana nia njema, siwalaumu. Ila nadhani wamekubebesha vazi la mtu mwingine. Naomi, mama mkwe wake Ruthu katika Biblia, hakuwahi kumtukana. Katika mlango wa kwanza wa kitabu cha Ruthu anawaombea wakwe zake wawili wema kwa Mungu, anawabusu, na anawasihi tena na tena warudi kwao wakaolewe. Ruthu alimfuata mama aliyempenda, na alikwenda kwa kuchagua. Wewe ulirudi kutoka sokoni ukakuta kitanda kimetandikwa. Ukijipima kwa Ruthu utaonekana mpungufu kila siku, kwa sababu mizani yenyewe si yako. Isitoshe wazee wa Rungwe watakwambia kwamba zamani mke wa Kinyakyusa alimkwepa hata baba mkwe njiani kwa heshima, asikutane naye uso kwa uso. Umbali ulikuwa sehemu ya kuheshimiana kati ya wakwe. Leo wewe unaingia kwenye utupu wa mama wa mumeo kila asubuhi. Hilo peke yake, hata pasingekuwa na ugomvi, ni zito.

Na hapa nina jambo la kukuuliza ambalo barua yako imelipita haraka. Mume wako yuko wapi katika habari hii? Sizungumzii safari zake. Barabara ya Tunduma naijua, foleni za mpakani nazijua, na anahangaika kwa ajili yenu. Nauliza hivi: siku ile ya kuzika, alilisikia lile neno la mama yake? Kama alilisikia, alisema nini? Kama hakulisikia, umewahi kumwambia? Maana mara nyingine hasira tunayoibeba juu ya mtu aliyelala kitandani, nusu yake ni ya mtu aliyekuwa amesimama pembeni akanyamaza. Sijui kama ndivyo kwako. Nakuachia uichunguze.

Maandiko hayajamsahau mtoto wa mama. Paulo anamwandikia Timotheo, waraka wa kwanza mlango wa tano, kwamba mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao ndio wajifunze kwanza kutenda haki nyumbani mwao na kuwalipa wazazi. Mkwe hakutajwa pale. Hii si ruhusa ya kumtupa mama; ni kukumbusha tu kwamba mzigo huu una wenyewe, nawe umesaidia kuubeba hadi watu wakadhani ni wako peke yako.

Kuzungumza naye kuna hatari. Anaweza kusikia kwamba unamkataa mama yake, na mwanaume akisikia hivyo masikio yanaziba. Ndiyo maana nisingekushauri uyaseme kwa simu akiwa amesimamisha lori kwenye foleni, wala usiku wa kwanza aliorudi amechoka. Lakini kunyamaza nako kuna gharama, na umeshaanza kuilipa pale jikoni.

Hapo jikoni nakuomba tusimame kidogo. Ile miguu mizito unayoisimulia usiifanye siri. Ni mwili unasema umechoka, na pengine usingizi wa kukatwa kila saa mbili umekufikisha hapo. Mtu mwema aliyechoka kupita kiasi anaweza kumwinua mgonjwa kwa nguvu, kumpigia kelele, kumlisha haraka hadi akapaliwa. Umeniambia unaiogopa siku ambayo hutaenda. Nami naiogopa pamoja nawe, kwa ajili yako na kwa ajili ya yule mama ambaye hawezi kujitetea. Kwa hiyo kupumzika kwako ni sehemu ya usalama wake. Uliposhuka na mgonjwa hospitalini kulikuwa na zamu: muuguzi wa usiku aliondoka, wa asubuhi akaingia. Kanisa lenyewe huku nyanda za juu limeuguza hivyo hivyo miaka mingi, iwe Ilembula kwa Walutheri, Isoko kwa Wamoravian au Igogwe kwa Wakatoliki. Hakuna aliyemwambia muuguzi wa Ilembula kwamba akienda kulala hana upendo.

Hata yule Msamaria wa Luka 10, tunayemhubiri kila mwaka, watu hawamalizii habari zake. Alimhurumia yule aliyeumizwa, akamfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamuuguza kwenye nyumba ya wageni. Siku ya pili akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba, akamwambia, "Mtunze huyu." Kisha akaendelea na safari yake, akiahidi kulipa zaidi akirudi. Alimkabidhi mgonjwa kwa mikono mingine, na Bwana bado akamweka awe mfano wetu.

Mikono mingine kwako ingekuwa ipi? Wifi wa Tukuyu hayuko mbali, ni safari ya daladala. Je, anaweza kuja siku mbili kwa wiki, au mama akakaa kwake kwa muda? Wifi wa Dar asiyeweza kuja anaweza kuchangia mshahara wa msichana au mama wa kukusaidia. Haya huamuliwa vizuri kwenye kikao cha familia, na kikao kiitishwe na mumeo, isiwe wewe, maana ukikiita wewe utaambiwa umemchoka mama. Ujue pia kwamba kila njia ina tatizo lake. Mgonjwa wa kiharusi akihamishwa ovyo, kwa mtu ambaye hajafundishwa kumgeuza na kumlisha, vidonda ambavyo wewe umevizuia vinaweza kutokea ndani ya muda mfupi. Msaidizi wa kulipwa naye anahitaji kusimamiwa. Na yawezekana mawifi wakakataa kabisa, ukabaki na mgonjwa pamoja na maneno juu yake. Hata hao akina mama wa Alhamisi, badala ya kuimba tu, mmoja wao angeweza kukaa na mama kwa saa chache ukalala au ukaenda sokoni na akili yako. Hilo ni dogo, na labda ndilo jepesi kuliombea.

Kuhusu machozi yake, nakuomba uende taratibu. Kiharusi kinaweza kumfanya mtu alie bila kupenda, bila sababu tunayoijua, na aliyepoteza maneno mara nyingi bado anaelewa mengi anayoambiwa. Kwa hiyo yote mawili yanawezekana: ni ugonjwa, au ni mama anayetafuta njia ya kusema kitu ambacho mdomo wake hautakisema tena. Waulizeni wanaomtibu siku ya kliniki. Ila hata wao hawatakwambia kilichomo moyoni mwake. Pengine msamaha unaoungoja hautaombwa kamwe kwa maneno, na hilo ni zito sana, sitalifanya liwe jepesi.

Wapo watu ambao katika hali kama yako walikaa karibu na kitanda wakamwambia mgonjwa kwa utulivu: mama, lile neno la siku ya mazishi liliniumiza, na bado linaniuma. Kwa baadhi yao ilifungua mlango. Lakini fikiri vizuri, kwa sababu yeye hawezi kujibu wala kuondoka, na ukisema ukiwa na hasira utakuwa umempiga aliyefungwa mikono. Kama huna uhakika na moyo wako siku hiyo, mwambie Mungu kwanza. Zaburi zimejaa watu waliomwambia Mungu mambo mabaya kuliko hayo juu ya waliowaumiza, na hakuwafukuza. Na kidole chako akikishika tena, huna deni la kukiacha mkononi mwake. Unaweza kukitoa. Unaweza pia kukiacha muda kidogo zaidi ya jana, bila kumaanisha kwamba yote yamekwisha.

Tunafika kwenye ushuhuda. Ukisimama ukasema ulichotarajiwa kusema, watu watabarikiwa, nawe utarudi nyumbani mpweke kuliko ulivyoondoka. Ukisimama ukaeleza yote, utakuwa umesema kweli, lakini utakuwa umemwanika mama mzee asiyeweza kujibu, mbele ya watu wanaokuja kumwona, na watoto wako watasikia habari za bibi yao mimbarini. Paulo anasema tuishike kweli katika upendo, na mimi naona mahali pa kweli yako pengine si kipaza sauti, ni chumba kidogo na mtu mmoja unayemwamini. Mama mchungaji, labda, au mama mwingine anayejua kutunza siri. Tena ipo njia ya katikati: usimame useme kwamba kuuguza ni kazi ngumu, kwamba kuna asubuhi unakwenda bila nguvu, na kwamba unaomba kanisa lisaidie kuuguza wagonjwa walioko majumbani. Hapo hutakuwa umedanganya wala kumwaibisha mtu. Nina hakika kwenye zile benchi kuna wanawake wengine wanaochemsha maji asubuhi wakiwa na moyo kama wako.

Lakini hata hilo si lazima. Ukiona hutaki, huna haja ya kueleza sababu kwa kikundi kizima. Mwambie kiongozi wenu "dada, bado sijawa tayari," inatosha, na ni kweli. Watakaosema watasema kwa wiki mbili kisha watapata habari nyingine.

Baba watoto akirudi safari, mkizungumza, niandikie imekuwaje. Na ukiwa unampeleka mama kliniki, waombe wakupime na wewe presha.